Kila Mmoja na Nyumba Yake

Dada yangu Nyangeta tumemzika Nyamuswa mwezi uliopita, nyuma ya nyumba ya mumewe. Presha, walisema. Moyo ulikuwa umetanuka, na watu wakaitikia kwa vichwa, maana kila aliyekuwepo msibani ana jamaa yake aliyeondoka kwa presha. Shemeji Magesa alilia mpaka akashikwa mabega, na sitasema kwamba machozi yale yalikuwa ya uongo. Mzee amechoka, anatembelea fimbo, na mkono aliokuwa akiunyanyua zamani siku hizi unatetemeka hata akishika kikombe cha uji. Mimi sikulia. Nilikaa jikoni na wanawake tukichambua dagaa, nikamsikia mmoja akisema, "Marehemu alikuwaga mpole, jamani. Hata mlango ukijigonga tu, utamwona huyo amesimama." Wenzake wakausifu upole ule. Nikaacha dagaa nikatoka nje, kwa sababu mimi nilimjua Nyangeta kabla hajawa mpole. Nilikaa naye mwaka mmoja ambao mlango ulijigonga utakavyo na yeye akaendelea kukuna nazi.

Mwaka huo alikuwa amekimbia. Alitoka Nyamuswa na kanga aliyojifunga, sikio moja limevimba na halisikii vizuri tena, akaja Musoma akapanga chumba Kamunyonge kwa Mama Wegesa. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nikahamia kwake ili nisome karibu. Chumba kilikuwa kimoja: kitanda tulicholala wawili, meza yenye mguu uliotiwa kipande cha tofali, masanduku yetu chini ya dirisha, na jiko la mkaa tulilolipeleka ukumbini jioni na kulirudisha asubuhi. Upepo ukitoka ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa, na tukaizoea mpaka tukawa hatuisikii. Kitu cha kwanza dada alichonunua, kabla ya sufuria, kabla hata ya godoro, kilikuwa komeo. Alimwita fundi akalipigilia kwa ndani. Kila jioni alilisukuma taratibu, likalia, akaketi kitandani akatabasamu peke yake. "Esta," aliniambia siku moja, "sijawahi kulala kwenye nyumba ninayofunga mimi." Nilikuwa mtoto, nikadhani anazungumzia wezi.

Alifanya kazi ya kufua na kupika kwa mwalimu mmoja wa kizungu tuliyemwita Madam Ana. Mkataba wa Madam ulipokwisha, makochi yaliondoka, vyombo vikaondoka, nguo zikagawiwa, na mwishoni vikabaki viumbe viwili ambavyo hakuna aliyevitaka. Walikuwa hamsta, wanyama wadogo wa jamii ya panya, wanene, wasio na mkia wa kueleweka, wenye mashavu ya kubebea chakula. Jike na dume, kila mmoja na tundu lake. Dada akawachukua. Jike alikuwa na rangi ya kahawia akamwita Ulezi. Dume alikuwa mweupe wa maziwa akamwita Mtama. Siku ile alipowaleta, kabla hajakaa, alinipa maagizo yote ya Madam huku bado ana jasho la njiani. Usimnyanyue kwa kumtokea juu, kwa sababu juu ndiko anakotokea mwewe. Weka kiganja chini, usubiri apande mwenyewe. Mchana amelala, usimwamshe. Akishtuliwa moyo unamwenda mbio, na akishtuliwa kila siku hafiki mbali. Asikae juani wala karibu na redio. Gurudumu lake la kukimbilia lisiwe na nafasi katikati ya vijiti, mguu utaingia na kuvunjika. Na kubwa kuliko yote, kila mmoja na nyumba yake. "Hawa ndivyo walivyoumbwa," dada alisema, akitafuta pa kuweka tundu la pili. "Ukiwaweka pamoja, hata kama wanapendana, wataumizana. Mwenyewe Madam kaniambia. Kukaa peke yao siyo ugonjwa." Alilirudia neno hilo wakati anakoroga ugali, akalirudia tena wakati tunakula. Leo nikifikiri, naona hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo kabla.

Akawatunza kwa namna ambayo sijaiona tena, hata kwa watu wanaotunza watoto. Kwa fundi seremala alikwenda mwenyewe kuchagua maranda, akinusa kila konzi, na yale ya mti wenye harufu kali akayakataa kwa sababu yangewaumiza kifua. Gurudumu la vijiti alilivika kadi ngumu ya boksi. Katikati ya matundu mawili alisimamisha ubao ili wasitazamane. Aliwapa mtama, mbegu za alizeti, kipande cha karoti, na dagaa wakavu wasio na chumvi, akichagua wenye vichwa vizuri kama anawachagulia wageni. Jioni tulikula ugali wa muhogo na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga, tumekaa kitandani, sahani magotini, na wao ndipo walipoamka. Dada alinawa mikono, akaingiza kiganja ndani ya tundu la Ulezi, akakilaza juu ya maranda, akangoja. Chakula chake kilipoa. Mimi nilimaliza, nikasukutua, nikafungua daftari la hesabu, na yeye bado anangoja, hata kupumua anapumua kidogo kidogo. Ulezi alikuja, akanusa, akarudi, akaja tena, mwisho akapanda. "Umeona?" dada alininong'oneza. "Hakulazimishwa." Nilimwona dada yangu ana furaha, na ninaliandika hilo wazi kwa sababu msibani hakuna aliyelisema.

Majirani walitucheka mpaka wakachoka. Mama Wegesa, mwenye nyumba wetu, mjane mwenye mdomo na moyo vyote vikubwa, alikuwa akisimama mlangoni na kanga yake begani. "Watu wanafuga paka amle panya. Wewe Nyangeta umefuga panya ukamfukuza paka! Sasa wa Kamunyonge tuseme nini?" Lakini hakupita bila kuwachungulia, na maganda ya karoti yake aliyaweka kando kwa ajili yao. Kitu kimoja tu kilimkera. Ulezi alikuwa na tabia ya kutafuna vyuma vya tundu, na Mama Wegesa alikuwa anamsikia kupitia ukutani. "Anajililia huyo. Unamtenga na mwenzie, pale pale, ubao katikati. Hii ni dhambi gani?" Dada alimweleza maneno ya Madam, akamweleza tena, kwa heshima, kwa kicheko. Mama Wegesa alitikisa kichwa. Kwetu mtu aliye peke yake ni mgonjwa, au mchawi, au amefiwa. Hatuna jina lingine la kumpa.

Kisha wakaja watu wa kwetu, kutoka Butiama. Baba mdogo Mafuru alitangulia, nyuma yake kaka yetu Wambura, na nyuma kabisa, amenyoa vizuri na ameshika jogoo aliyefungwa miguu, shemeji Magesa. Dada alikuwa anapepeta mchele uani. Aliona viatu vya mumewe kwanza. Ungo haukuanguka, ila mchele wote ulikusanyika upande mmoja. Walikaa sebuleni kwa Mama Wegesa, mimi nikaambiwa nipishe, nikaingia chumbani kwetu nikakaa sakafuni kati ya meza na ukuta. Ukuta ule haukufika dari, na nilisikia yote. Baba mdogo alianza kwa kusema vikombe vikiwa kabati moja havikosi kugongana. Akasema Magesa amekiri, ameleta jogoo, kijana mwingine angeleta nini? Shemeji akasema kwa sauti ya chini, "Nilikosea. Hasira tu. Nyumba imekuwa baridi." Baba mdogo akasema, "Nyangeta, na wewe sema." Dada akasema, "Baba, mimi sina neno na mtu. Naomba niachwe nikae hapa. Sihitaji kitu kwake. Nafanya kazi, nalipa chumba, namsomesha mdogo wangu." Nilisikia baba mdogo anakohoa. "Ukae hapa na nani?" Dada akajibu, "Peke yangu." Nadhani hapo ndipo alipokosea, kama ukweli unaweza kuitwa kosa, maana kabla ya neno lile wazee walikuwa na haya kidogo sautini, na baada yake wakapata la kusema.

Wakasema mengi. Lakini lililomfunga halikusemwa na baba mdogo, lilisemwa na Wambura, kaka yetu wa tumbo moja, ambaye mpaka hapo alikuwa kimya. "Dada, ng'ombe wa mahari yako ndio waliomleta mke wangu. Unajua. Ukimkataa shemeji, atawadai, na mimi nawatoa wapi? Nimrudishe mama watoto kwao? Ana mimba." Hakusema kwa ukali. Alisema kwa kuomba, sauti inakatika, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. Mama Wegesa akasema, "Mwanangu, mwanamke ni kuvumilia. Mimi nalala peke yangu, nakwambia usiku ni mrefu." Alikuwa anamtakia mema. Kila mtu sebuleni mle alimtakia mema, na mpaka leo sijui nimchukie nani. Jogoo akachinjwa. Kwetu waliogombana hupatanishwa kwa kula sahani moja mbele ya watu, na niliitwa nipeleke maji ya kunawa. Nilimwona dada akikata tonge, akichovya mchuzi upande wake, na shemeji akichovya upande wake, mpaka vidole vikakutana katikati. Wazee wakapiga makofi. Baba mdogo alipotoka alichungulia chumbani kwetu, akaona matundu mawili na ubao, akauliza nini kile, akaelezwa. "Ndiyo maana," alisema, akacheka, na wote wakacheka naye. Hata mimi nilitabasamu, kwa adabu.

Waliondoka naye asubuhi. Alifunga nguo zake kwenye kanga ileile aliyokuja nayo. Hakulia na hakunikumbatia sana. Alinipeleka mbele ya matundu akanionyesha tena kila kitu, maji, maranda, kadi ya gurudumu, kana kwamba mimi sikuwa naishi humo. "Usiwachanganye, Esta. Hata wakikwambiaje." Nikamwambia sitawachanganya. Alipofika mlangoni aligusa komeo, akalisukuma, likalia, akalirudisha. Nje shemeji alikuwa anamwita kwa upole kabisa.

Nilishika neno langu. Nilikuwa nawahi kurudi kutoka shule kwa ajili yao, nikaweka kiganja, nikangoja kama alivyokuwa akingoja, ingawa mimi sikuwa na subira na mara nyingi sikupandwa. Mama Wegesa sasa ndiye aliyekuwa ananipikia, na ufunguo wa akiba wa chumba ulikuwa kwake. Nilirudi siku moja nikamkuta amekaa kizingitini kwetu, kanga imefunika mdomo. Alikuwa amesikia Ulezi anatafuna vyuma tangu asubuhi. Alivumilia, alivumilia, halafu huruma ikamshinda. Akaingia, akamchukua Mtama akamweka kwa mwenzie, akawawekea karanga katika kisahani kimoja. "Mwanzo walinusana vizuri tu, mwanangu, nakuapia. Nikasema, si unaona? Walikuwa wanatamaniana. Nikaenda gengeni." Mtama alikuwa kwenye kona, shingo imefunguka, karanga bado shavuni. Ulezi alikuwa juu, amening'inia kwenye vyuma alivyojaribu kupanda, mguu wa nyuma umeingia katikati ya nondo mbili na kupinda. Alikuwa hai. Nilipoingiza mkono alipiga ukelele ambao sikujua kama mnyama mdogo vile anao.

Mama Wegesa alilia kweli. "Nilimwonea huruma. Nilidhani ni upweke." Ningeweza kumpigia kelele, nikashindwa, kwa sababu alikuwa mama mzuri. Wapangaji wengine walikuja kutazama, na maneno yao yalikuwa kuhusu Ulezi. "Jike limeua dume! Mnaona mambo ya kufundishwa kukaa peke yake?" Mmoja akashauri lipigwe jiwe. Nilifunga mlango nikasukuma komeo. Mguu wa Ulezi niliufunga kwa kitambaa, akakitafuna. Akaacha kukimbia, akaacha hata kutafuna vyuma. Mchana alikaa macho na usiku alikaa macho. Nikaona mtu pekee anayeweza kumponya ni dada. Shule ilipofungwa nilimtia Ulezi kwenye ndoo ndogo ya rangi niliyoiosha na kuitoboa matundu, nikapanda basi la Bunda, na Bunda nikapata lifti ya pikapu ya wanunuzi wa pamba mpaka Nyamuswa. Barabara ilikuwa mawe matupu. Nilipakata ndoo, nikaizungushia mikono, nikawa naiimbia.

Nyumba ya shemeji ilikuwa safi, imesakafiwa, ina viti vyenye vitambaa. Shemeji mwenyewe alinipokea vizuri. "Karibu shemeji, umekua! Nyangeta, mgeni huyu." Dada alikuja kutoka jikoni, amenenepa kidogo, amesuka, ukimwona ungesema ameolewa vizuri. Tulikula ugali wa mtama na mlenda, na nikaona dada haupi mlango mgongo. Shemeji alipomaliza kula alitoka, akaurudisha mlango kwa mguu, ukajibamiza. Haikuwa hasira, mikono yake ilikuwa na maji. Dada alikuwa tayari amesimama, sahani mkononi, kabla mlango haujatulia. Akaona nimemwona. Akakaa.

"Mtama yuko wapi?" aliuliza nilipofungua ndoo.

"Amekufa, dada. Mama Wegesa aliwaweka pamoja."

"Nani alimuua?"

"Ulezi."

"Alifanya alichoweza," alisema.

Alilaza kiganja ndani ya ndoo, akangoja. Ulezi alijikunja ukutani. Alingoja mpaka nje kuku wakaanza kupanda kulala, na nikawa naomba moyoni, panda, panda mara moja tu. Ulezi hakupanda. Dada alitoa mkono, akaufuta kwenye kanga, akaniambia nirudi naye.

"Nimemleta akae na wewe."

"Hapa hawezi. Hapa kuna kelele."

Nilisikiliza. Hakukuwa na kelele yoyote. Kulikuwa na kuku, na shemeji uani anapiga mluzi, anapanga kuni zake.

Ulezi hakufika Musoma. Nilifungua ndoo stendi ya Bunda nimpe maji, nikamkuta amelala ubavu, ana joto bado, bila jeraha jipya lolote. Nilimzika Kamunyonge nyuma ya jiko. Mtama nilikuwa nimemzika chini ya mpapai, kwa hiyo Ulezi nilimpeleka upande wa pili wa ua, mbali kadiri ukuta ulivyoruhusu, na safari hii Mama Wegesa ndiye aliyenishikia jembe.

Huo ndio mwaka wenyewe. Yaliyofuata ni miaka tu. Mke wa Wambura alijifungua, na wale ng'ombe wakasahauliwa, kwa kuwa hakuna aliyelazimika kuwarudisha. Nilipata kazi, nikajenga Musoma, na chumba cha nyuma nilikijenga kwa ajili ya Nyangeta, nikaweka komeo kwa ndani. Alikuja mara moja. Asubuhi nilimkuta amekaa kitandani na nguo zake, mlango wazi kabisa. "Nimesahau kulala mlango umefungwa," aliniambia, kwa kuona haya. "Nikiufunga, nasikiliza nani anakuja. Nyumbani angalau najua yuko wapi." Akarudi siku ileile. Na wakati huo shemeji alikuwa ameshaacha kumpiga, kila mtu anasema hivyo na ninaamini. Mkono wake ulichoka. Uoga wa dada haukuchoka, ulifanya kazi kila siku mpaka ukamaliza moyo.

Wakati wa mazishi, Wambura ndiye aliyesimamia kaburi. Niliona limechimbwa karibu na mwembe mfupi, na pembeni yake pamesafishwa, pamewekewa mawe ya mpaka, na hapana kitu. Nikamuuliza pale ni pa nini.

"Nafasi ya mzee," alisema. "Tumemwachia hapo hapo, wasitengane."

Nikamwambia, "Kaka, mwacheni alale peke yake." Nilisema kwa sauti, na watu waligeuka. Wambura alinishika mkono, macho yamejaa. Anampenda dada yake, alimpenda siku zote. "Ni uchungu, Esta. Nani anapenda kulala peke yake?" Akina mama wakaja wakaniondoa, wakanipa maji.

Asubuhi ya kuondoka nilikwenda kuaga kaburi. Shemeji alikuwa ameshapelekewa kiti. Alikuwa ameketi ndani ya yale mawe, mahali pake, jua linampiga, fimbo imelala magotini. "Shikamoo shemeji," nilisema, kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa. "Marahaba. Nakaa naye kidogo," alisema, "asije akajisikia upweke." Alitaka kunyanyuka anipe mkono. Fimbo ikamteleza, ikapiga jiwe kwa kishindo, na mimi, kabla sijafikiri, nikageuka haraka kutazama udongo.

Udongo ulikuwa umetulia. Nikaiokota fimbo, nikampa.